Seji Kutoka Kwenye Ndoo Hadi Kikaangoni: Namna ya Kuipanda, Kuipika, Kuinywa na Kuipaka

Mara ya kwanza kupika na seji nyumbani, lile jani la kunukia ambalo Waingereza huliita sage, niliitia kiganja kizima kwenye machalari, ndizi zetu za kupika na nyama. Nilikuwa nimefanya kazi jikoni kwenye hoteli ya watalii hapa Moshi, nikajiona mjuzi. Baba mkwe alionja, akaweka kijiko chini taratibu, akaniangalia: "Mwanangu, leo nani kachuliwa mgongo?" Wote wakacheka, nikacheka nao, lakini chakula kililiwa na mbwa.

Mzee hakukosea. Jani la seji lina kafuri ndani yake, ile ile inayonukia kwenye dawa za kuchua. Ukilitia moja au mawili linanukisha chungu, ukilitia kiganja unapika duka la dawa. Ndiyo maana kila mahali katika mwongozo huu nitakutajia kiasi, hata pale utakapoona nakuchosha. Sisi tumezoea mwarobaini: unachemsha sufuria, unakunywa umekunja uso, na kadiri inavyokuwa chungu ndivyo tunavyoamini inafanya kazi. Seji haitaki imani ya namna hiyo.

Hakikisha kwanza kwamba ni yenyewe

Seji ninayoizungumzia ni Salvia officinalis, mmea wa pwani za Bahari ya Mediterania. Jina Salvia linatokana na neno la Kilatini la kuwa na afya njema, kwa hiyo sifa ya udawa imeanza zamani sana. Ni ndugu wa nanaa na mrehani. Rozmari nayo ni ndugu wa karibu mno, kiasi kwamba mwaka 2017 wataalamu wa mimea walipendekeza iingizwe katika jenasi hiyo hiyo ya Salvia. Hata chia, zile mbegu ambazo siku hizi kila anayepunguza uzito anazo kwenye chupa ya maji, ni Salvia.

Shika jani moja. Ni refu kuliko upana wake, kama kidole cha mtoto kilichobanwa, na rangi yake ni kijani kilichopauka, kana kwamba limepitiwa na vumbi la barabara ya Mbuyuni mwezi wa pili. Pitisha kidole gumba juu yake: lina chembechembe zinazokwaruza kidogo, kama ulimi wa paka. Sugua halafu nusa. Kinachotangulia ni kafuri, nyuma yake harufu ya msonobari, na mwisho kitu kinachokaribia pilipili manga. Kama harufu haikugongi puani, huo si mmea wenyewe.

Nasisitiza kwa sababu kuna mimea miwili inayochanganya watu. Wa kwanza ni ule wa maua mekundu au ya zambarau unaopandwa kwenye bustani za hoteli. Ni Salvia pia, ila ni wa mapambo. Wa pili ni hatari zaidi: ni lantana, kile kichaka chenye miiba midogo na maua ya njano na chungwa kinachoota kando ya njia kila mahali kuanzia Usa River hadi Himo. Wageni wengine huiita seji pori. Lantana inaua ng'ombe, na haifai hata kidogo kuwekwa kwenye kikombe.

Kupanda: adui ni maji

Mche wangu wa kwanza niliupanda kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani, chini ya migomba, karibu kabisa na mfereji. Nilidhani naupendelea. Masika ilipofika ulikuwa umeoza mizizi, majani yakageuka meusi kuanzia chini. Seji imezaliwa kwenye vilima vya mawe na jua kali, na udongo wetu mweusi wenye samadi na kivuli cha migomba ni raha iliyopitiliza kwake.

Sasa napanda kwenye ndoo za lita 20. Toboa matundu sita au saba chini, kila moja la ukubwa wa kidole. Weka tabaka la kokoto au vipande vya matofali, kisha jaza mchanganyiko wa udongo sehemu mbili, mchanga wa mtoni sehemu moja, na samadi iliyooza vizuri nusu sehemu tu. Samadi ikizidi, mmea unanenepa majani yasiyo na harufu. Ndoo ikae mahali panapopata jua saa sita kwa siku au zaidi, na wakati wa masika isogeze chini ya upenu.

Mbegu zinaota, lakini polepole, wiki mbili hadi tatu, na nyingi hazitoki. Mimi natumia vipandikizi. Kata ncha ya tawi changa lenye urefu wa sentimita nane hadi kumi, chini kidogo ya kifundo. Ondoa majani ya nusu ya chini, bakiza manne au sita juu. Chomeka kwenye mchanga wenye unyevu uliochanganywa na mboji kidogo, weka kivulini, na usiruhusu ukauke kabisa wala kujaa maji. Baada ya wiki nne hadi sita vuta taratibu: ukihisi kipandikizi kinakataa kutoka, mizizi imetoka. Hamishia kwenye ndoo. Anayepanda ardhini aache nafasi ya sentimita 45 hadi 60 kati ya mche na mche, na apandishe tuta.

Kumwagilia, chomeka kidole hadi kifundo cha pili. Ukikuta unyevu, ondoka. Arusha mjini, kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, inamea kwa raha kuliko Moshi mjini ambako joto ni kali, na sisi wa Kibosho tatizo letu ni mawingu ya mwezi wa sita na wa saba. Ukungu mweupe ukitokea juu ya majani, punguza matawi ya katikati hewa ipite.

Mwaka wa kwanza chuma kidogo kidogo. Ukipogoa, usikate kwenye shina gumu lililokwisha kuwa mti, maana huko mara nyingi halichipui tena. Baada ya miaka mitatu au minne mmea unakuwa kuni tupu, hivyo uwe umeshaandaa vipandikizi vya kurithi nafasi.

Kuchuma na kukausha

Chuma asubuhi, umande ukishakauka na jua halijawa kali. Funga matawi matano au sita pamoja, yaninginize kichwa chini ndani ya nyumba penye hewa, mbali na moshi wa jiko. Jua la moja kwa moja linaondoa harufu, na utabaki na majani ya rangi ya nyasi kavu. Wiki moja hadi siku kumi zinatosha. Julai hapa kwetu hazitoshi, na nimeshatupa mafungu mawili yaliyoota ukungu. Kipindi hicho tandaza majani kwenye ungo juu ya kabati la jikoni, ugeuze kila siku.

Jani lililo tayari linavunjika likilia, halipindi. Hifadhi mazima kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko, gizani, na uyavunje siku ya kutumia. Hukaa mwaka. Kumbuka kwamba kavu ni kali kuliko bichi: kijiko cha chai cha majani makavu ni sawa na kijiko cha chakula cha mabichi yaliyokatwakatwa.

Jikoni

Hapa ndipo seji inapostahili sifa zake zote, na kama utasoma sehemu moja tu, soma hii.

Kanuni ya kwanza ni mafuta. Harufu ya seji inayeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji, kwa hiyo jani hukaangwa kwanza, tofauti na dania tunayoitupia juu mwishoni. Jifunze na siagi. Weka vijiko viwili vya chakula vya siagi kwenye kikaango, moto wa wastani. Itayeyuka, itatoa povu, povu litaanza kushuka, na utasikia harufu kama ya karanga. Hapo tia majani manane mabichi yaliyofutwa maji kabisa, maana yakiwa na tone moja yatakurushia mafuta. Yatalia kwa sekunde 15 hadi 20. Mlio ukipungua na kingo zikikunjamana, yatoe. Yatakuwa yanavunjika mdomoni kama bisi, na ule ukali wa kafuri umekwenda zake. Ukichelewa yanakuwa meusi na machungu, basi anza upya.

Siagi hiyo mwagia juu ya boga la kuchemsha, viazi mviringo, au ndizi mshale zilizochemshwa na kupondwa kidogo. Waitalia wa Mantova wanaila na boga lililofungwa ndani ya tambi. Sisi tambi hatuzihitaji, boga la kihambani lina utamu wake wenyewe. Juu yake vunja yale majani, nyunyiza chumvi.

Maharage ndiyo yaliyonirudishia heshima mezani. Loweka nusu kilo usiku kucha, mwaga maji. Weka maji mapya yapande vidole viwili juu ya maharage, yachemke kwa nguvu dakika kumi kamili (maharage mekundu hasa, yana sumu isiyotoka kwa moto mdogo), kisha punguza moto. Tia majani matano ya seji, punje tatu za kitunguu saumu bila kumenya, na vijiko viwili vya mafuta ya alizeti. Chumvi isubiri hadi yaive. Toa majani, bana kitunguu saumu kitoke kwenye ganda, kivuruge na mchuzi. Ndivyo yanavyopikwa Toscana, huko huko Italia, isipokuwa wao wana mafuta ya zeituni na maharage meupe. Ukila na ugali, hutatafuta nazi wala nyanya. Baba mkwe aliomba tena. Hakusema kitu, alisogeza sahani tu.

Kwenye maini, kata vitunguu maji viwili vyembamba, vipike taratibu dakika 20 hadi viwe vitamu, tia majani sita ya seji, vitoe pembeni. Moto ukolee, tia nusu kilo ya maini yaliyokatwa membamba, dakika mbili mbili kila upande. Rudisha vitunguu, kamulia ndimu, epua. Kitimoto nayo inapatana sana na seji kwa sababu ya mafuta yake: ikishaiva vizuri hadi ndani na inabakia kukaushwa, tia majani sita kwa kilo dakika mbili za mwisho. Waingereza hujaza mkate, vitunguu na seji ndani ya kuku, nao ni mpango mzuri kwa kuku wa kienyeji wa sikukuu. Samaki sishauri. Wengine wanafanya, mimi naona inamfunika.

Na mtori? Nitarudi huko, kuna sababu.

Chai ya kawaida

Watu wa Palestina na Lebanoni, ambao huiita maramia, hutia majani mawili au matatu kwenye birika la chai ya rangi wakati wa baridi. Jaribu Julai. Tia majani mwishoni, funika dakika tatu, toa. Hii ni chai ya kuburudika, birika zima la watu wazima wanne.

Inapokuwa dawa

Shirika la Dawa la Ulaya linaitambua seji kama dawa ya asili kwa mambo manne: kiungulia na tumbo kujaa gesi, jasho jingi, uvimbe mdogo wa mdomoni au kooni, na uvimbe mdogo wa ngozi. Linaitambua kwa sababu ya matumizi ya muda mrefu, na ushahidi wa majaribio bado ni mdogo. Ukiona anayekuambia inatibu kisukari, presha na nguvu za kiume kwa chupa moja, mwache na chupa yake.

Koo ndilo ninalolitumia zaidi. Chukua kijiko cha chakula kilichojaa cha majani makavu yaliyovunjwa, kama gramu mbili na nusu, weka kwenye kikombe. Mimina maji yaliyochemka, mililita 100, yaani chini kidogo ya nusu kikombe kikubwa. Funika na kisosi, na hii si adabu tu, kwa sababu mvuke unaotoroka ndio unaobeba dawa. Baada ya dakika kumi chuja, subiri yapoe yawe vuguvugu. Sukutua, inua kichwa uyachezeshe kooni bila kumeza, tema. Mara tatu kwa siku. Utahisi mdomo umekazika kama umekula ndizi mbichi. Hiyo ni tanini, na inafaa pia kwa ufizi uliovimba. Ikipita wiki bila nafuu, nenda hospitali. Mtoto mwenye homa na koo usimpe kabisa, mpeleke moja kwa moja, maana baadhi ya bakteria wa koo wasipotibiwa huja kuharibu moyo.

Kwa tumbo au jasho, kiasi ni kidogo: vijiko viwili vya chai, gramu moja hadi mbili, kwenye mililita 150 za maji ya moto, umefunika dakika kumi. Kwa tumbo unaweza kunywa hadi vikombe vitatu kwa siku. Usipitishe wiki mbili. Akina mama waliofikia ukomo wa hedhi wengi huniuliza kuhusu yale majoto ya ghafla. Baadhi ya majaribio madogo yameonyesha nafuu, kwa hiyo kujaribu kwa kipimo hicho si ujinga. Lakini jasho la usiku linalolowesha shuka, tena na kikohozi cha wiki mbili au kukonda, si la kutafutia majani. Kapime kifua kikuu, huduma hiyo haina malipo.

Nani aiache

Ndani ya seji kuna kemikali iitwayo thujoni. Ikizidi, inachokoza ubongo na kuleta degedege. Kiasi kinachokubalika Ulaya kwa dawa za seji ni miligramu sita kwa siku, na ndiyo sababu ya vipimo vyote vya hapo juu. Mwenye kifafa asiinywe. Mjamzito asiinywe. Walio chini ya miaka 18 wasiinywe kama dawa. Anayetumia dawa za kisukari azungumze na daktari kwanza kwa kuwa inaweza kuzidi kushusha sukari.

Na sasa mtori. Tangu zamani Ulaya seji imetumika kukausha maziwa ya mama. Sisi mtori tunampikia mzazi ili maziwa yashuke. Mtu anayekuja na upishi wa kisasa akatia seji kwenye mtori wa mzazi anabomoa kwa mkono wa kushoto anachojenga kwa mkono wa kulia. Anayenyonyesha asinywe chai hii wala kutumia dawa yake. Majani mawili kwenye sufuria ya maharage ya familia ni jambo jingine, hayo ni kiungo. Ila mtori wake niachie mtupu.

Mafuta ya seji, yale ya chupa ndogo yenye kitone, hayanywewi na mtu yeyote. Yana thujoni iliyokolea, na kuna watoto waliopata degedege baada ya kumeza kiasi kidogo tu. Yafungie kabatini.

Ngozi, miguu na nywele

Jaribu kwanza. Paka kidogo ndani ya kiwiko, subiri siku moja. Pakiwasha, basi.

Kwa miguu inayonuka, na hapa nawafikiria wagumu, yaani wapagazi, wanaoshuka mlimani baada ya siku sita ndani ya buti zile zile, chemsha maji lita moja na nusu, epua, tia kiganja cha majani makavu, funika dakika 20. Ongeza chumvi kijiko cha chakula, maji yakiwa vuguvugu loweka miguu robo saa. Kausha katikati ya vidole. Kama kuna mipasuko na muwasho, huo ni ukungu na unataka dawa ya duka la dawa.

Mafuta ya kujipaka unaweza kutengeneza mwenyewe, na haya si yale ya chupa ndogo. Jaza nusu ya chupa safi ya kioo kwa majani makavu, yasiwe mabichi, kwani maji yake yataozesha. Mimina mafuta ya alizeti au ya nazi yafunike majani kabisa. Weka chupa ndani ya sufuria yenye maji yanayofuka, moto mdogo sana, saa mbili. Chuja kwa kitambaa. Yanafaa kwa visigino na viwiko. Mama mnyonyeshaji asiyapake kifuani.

Nywele, tuseme ukweli: haikuzi nywele. Inachofanya ni kuzipa mng'aro, kupunguza mafuta kichwani, na kwa mvi inaacha rangi hafifu ya kahawia kwa ajili ya tanini. Tia vijiko vinne vya chakula vya majani makavu kwenye nusu lita ya maji yaliyochemka, ongeza kijiko cha majani ya chai ya rangi ukitaka yakolee, funika hadi yapoe kabisa, chuja. Osha nywele kwa shampuu kama kawaida, kisha mimina maji hayo taratibu ukiyakinga na beseni, uyarudie mara tano au sita. Usiyasuuze. Rudia mara mbili kwa wiki, mabadiliko yanaonekana baada ya wiki kadhaa na yanatoweka ukiacha. Yanayobaki weka kwenye friji siku tatu, si zaidi. Na tumia taulo la zamani, siku hiyo ulale na kilemba, kwa sababu foronya nyeupe ya mama mkwe niliyoipaka rangi hiyo nimeifua kwa jiki mara tatu na alama bado ipo.